Sauti ilinipotea nikaambiwa nimerogwa: tumbo, wasiwasi na kazi ya kuimba taarab

Habari zenu. Mi ni mwimbaji wa taarab, hii ya kisasa ya kinanda na solo, kwetu Tanga ila kazi naifanyia Dar. Kikundi changu sikitaji maana bado nakula kwa kazi hiyohiyo. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikaa na waimbaji wenzangu, wa taarab, wa bendi, hadi wa kwaya, nasikia maneno yaleyale, sauti inakwaruza asubuhi, tumbo linawaka, usingizi hakuna, moyo unaenda mbio kabla ya kupanda steji, na kila mtu anatibu kipandekipande, koo kwa tangawizi, tumbo kwa vidonge vya famasi, moyo kwa kisomo. Mi nilizunguka kote huko na pesa nyingi ikaenda kabla sijakutana na watu wa kuniambia kwamba kwangu vitu hivyo vilikuwa vinalishana.

Kwa ambaye hajui maisha yetu. Shoo ya taarab haianzi mapema, tangazo linasema saa 2 usiku, watu wanaingia saa 4, sisi tunapanda saa 5 na tunashuka saa 8 au 9. Kabla ya kuimba huwezi kushindilia chakula maana tumbo likijaa pumzi inakuwa fupi na mistari yetu ni mirefu, kwahiyo unashinda na chai ya rangi na sambusa moja, alafu mkishuka ndo inakuja njaa ya kweli, na hapo nje kuna muuza chipsi na mishikaki, unakula chipsi mayai na kachumbari na pilipili ya kutosha na soda ya baridi, unapanda bajaji, ukifika nyumbani hata mekapu hujatoa umeshalala. Ijumaa hivyo, Jumamosi hivyo, Jumapili kuna harusi au kichenpati, Jumatatu unalala mchana kutwa. Nimeishi hivyo miaka na hakuna aliyenishangaa maana wote tulikuwa hivyo.

Juu ya hapo kuna tunzo. Malipo ya shoo yenyewe ni 30,000 au 40,000, kinachotulisha hasa ni mashabiki wanaopanda kukutunza wakati unaimba, wanakubandika noti kwenye paji la uso, wanakumwagia miguuni. Ni raha sana ukiwa unatunzwa. Ila maana yake ni kwamba kila wiki ukumbi mzima unaona nani kapata na nani kakosa, na wimbo wa mipasho ukishatoka watu wanagawana, wa kwako na wa mwenzako, na wewe unasimama pale unatabasamu huku unajua kuna watu wamekuja kukuangalia ukikosea. Kikundini kwetu akaja binti mpya, sauti nzuri, mdogo, akaanza kutunzwa kunizidi. Sikumchukia kwakweli. Ila tangu hapo kila Alhamisi nilikuwa naanza kuhisi kitu tumboni, kama mtu anakamua nguo humo ndani, na sikuunganisha kabisa.

Sauti ndo ilianza. Nikiamka nasikia imekuwa nzito, inakwaruza, haifunguki mpaka saa 8 mchana. Nikawa nasafisha koo muda wote, ehem ehem, na nahisi kitu kimekwama hapa kooni, nameza hakiendi, natema hakitoki. Kiungulia sikuwa nacho, na hilo ndo lilinipoteza, maana mi nilijua asidi ya tumbo ikipanda lazima kifua kiwake. Kumbe kuna watu asidi na vimeng'enya vya tumbo vinapanda mpaka kwenye nyuzi za sauti hasa ukilala na tumbo limejaa, na pale kooni hapana kinga kama iliyopo chini, kiasi kidogo tu kinatosha kupafanya pavimbe, na kifuani usisikie kitu.

Sasa mwimbaji sauti ikikauka anafanyaje? Anakimbilia tangawizi. Nilikuwa natafuna tangawizi mbichi kabla ya shoo, tumbo tupu, naikamulia ndimu, naweka karafuu na pilipili manga na asali, nakunywa kikombe kizima cha moto. Kila mtu kwenye fani anafanya hivi na tulirithi kwa wakubwa zetu. Inasaidia kwa muda, koo linapata joto, unaimba. Ila kwa mtu ambaye tatizo lake ni asidi, ndimu na pilipili manga juu ya tumbo tupu ni kuongeza tatizo lenyewe. Nilivyozidi kukwaruza nikazidi kunywa. Kuna wanaosema mbona Bi Kidude, yule mwimbaji mkongwe wa taarab wa Zanzibar, alivuta sigara na kunywa na akaimba mpaka uzeeni, kweli, ila Bi Kidude alikuwa mmoja tu, na sauti yake ndo ilikuwa ile ya mikwaruzo watu waliyompendea. Sisi wengine mwenye kikundi anataka sauti nyororo.

Alafu kulikuwa na vidonge. Mwenzetu mmoja alikuwa anagawa vidonge vidogo vyeupe vya "kufungua sauti", unameza viwili mchana usiku unaimba kama kinubi, vilikuwa vinafanya kazi sikatai. Nilikuja kujua baadae ni prednisoloni, steroidi, zinapunguza uvimbe kooni lakini ukizizoea zinaweza kukuvuruga usingizi na akili, zikakufanya mtu wa hasira au wa machozi bila sababu. Na mi wakati huohuo nilikuwa nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, maana kusimama masaa manne na kiatu kirefu siyo mchezo. Daktari alivyosikia kwamba nachanganya hivyo viwili aliweka kalamu chini. Dawa za maumivu za aina hiyo zinakwangua ukuta wa tumbo zenyewe tu, ukiongeza na steroidi hatari ya kidonda na kutoka damu inapanda zaidi.

Tumbo likaanza rasmi. Linauma nikiwa na njaa, nikila kidogo linatulia, saa 9 usiku siku ambazo hakuna shoo linaniamsha. Gesi. Na siku za shoo tofauti kabisa, siku za shoo naharisha, yani kabla ya kupanda lazima niende chooni mara mbili tatu, na vyoo vya kumbi zetu mnavijua. Nikaanza kuogopa kula siku nzima ili nisije nikaaibika steji na gauni la mtandio lile. Nikakonda, watu wakaanza kuulizana pembeni.

Kisha ikaja siku ya harusi moja huku Temeke. Nipo ubeti wa pili, moyo ukaanza kwenda mbio kama nimekimbizwa, mikono ikafa ganzi, taa nikaziona zinasogea, hewa haiingii, nikajua nakufa hapahapa mbele ya bibi harusi. Nikamwachia mwenzangu maiki nikashuka. Nilipelekwa hospitali usiku uleule na gauni la steji, wakapima moyo kwa ile mashine ya nyaya, wakapima presha, wakapima sukari, kila kitu safi. Aliyenihudumia akaniambia "dada huna ugonjwa, punguza mawazo", akaandika dawa za tumbo akaniaga. Mimi na hasira zangu nikawa najiuliza yanapunguzwaje, maana ningejua ningeshayapunguza zamani.

Hapo ndo maneno ya kurogwa yakaja. Shoga yangu akanikalisha akaniambia mwenzangu usilale, yule binti amekufunga sauti, huoni tangu amekuja? Na mtu ukiwa kwenye hali ile unataka sababu yoyote yenye jina. Nikapelekwa kwa mtaalamu mmoja huko Pwani. Nilitoa kama 350,000 kwa awamu, ya kuangalizia, ya kuku, ya ubani na makombe, ya "kufungua", na nikapewa unga wa kunywa kwenye uji uliolivuruga tumbo kwa wiki nzima. Pesa inauma ila kilichoniumiza zaidi ni kwamba kabla ya pale nilikuwa naogopa steji tu, baada ya pale nikawa naogopa na binadamu. Kila nikimuona yule binti anachana nywele chumba cha kubadilishia, moyo unaanza. Nikaacha kula chochote kinachopita mikononi mwa wenzangu. Masikini yule mtoto hata hakuwa anajua kitu, ndo yeye alikuwa ananishikia mkoba.

Kisomo ni habari nyingine, sitaki kuchanganya. Mama alinisomea nyumbani Tanga, na nikiri nikisikiliza Qur'an nilikuwa natulia kweli, usingizi unakuja. Ila tumbo lilihitaji na dawa yake.

Upande wa famasi nao ulinila vya kutosha. Zile dozi za vidonda vya tumbo zilizopangwa kabisa kwenye boksi, asubuhi na jioni, nilinunua bila kupima zaidi ya mara moja, nikameza siku nne nikapata nafuu nikaacha. Baadae maabara moja ya mtaani wakanipima damu wakasema una bakteria, nikameza tena, nikapima tena damu, bado "una bakteria", nikachanganyikiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kipimo cha damu kinaangalia kinga ya mwili, na hiyo kinga inabaki kwenye damu miezi mingi hata bakteria wakishakufa, kwahiyo hakifai kabisa kuangalia kama umepona.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja kijana, nilipelekwa na dada yangu baada ya kumwambia kitu ambacho nilikuwa nimekificha, kwamba kuna usiku nalala natamani nisiamke. Sikuwa na mpango wa kujidhuru, ila nilikuwa nimechoka. Dada hakunihubiria, alisema tu kesho tunaenda wote, akaomba ruhusa kazini. Wewe unayesoma na una mawazo kama hayo, tafuta mtu wako mmoja umwambie leo, hayo hayasubiri majibu ya tumbo.

Daktari alinisikiliza kama nusu saa. Akasema tuanze upya na kipimo cha choo kikubwa kuangalia H. pylori, ndo hao bakteria wa vidonda vya tumbo, ila kwanza niache omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, wiki mbili nzima maana inaficha wale bakteria na majibu yanaweza kuja ya uongo. Wiki mbili zile acheni tu. Nilikuwa naishi kwa uji na maji. Majibu yakatoka ninao. Akanieleza kwamba watu wengi mno wanao tumboni, inakadiriwa karibu nusu ya dunia, wengi wanawapata utotoni na hawaumwi chochote, ila kwa baadhi ndo wanaleta vidonda. Akanipigia na stori ya daktari wa Australia, Barry Marshall, ambaye wenzake walikuwa hawaamini kwamba bakteria anaweza kuishi kwenye asidi na kusababisha ugonjwa, watu wakisema vidonda ni mawazo na pilipili, basi mwaka 1984 akawanywa mwenyewe hao bakteria akapata uvimbe wa tumbo, na 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Nilicheka siku ile, nilikuwa sijacheka muda.

Dozi ilikuwa ya siku 14, omeprazo na antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimelamba sarafu, tumbo linapiga kelele, na fangasi nikapata juu yake (wadada mnanielewa, waambieni madaktari msione aibu, ni antibayotiki zinaua na bakteria wazuri). Shoo za wiki hizo nilikataa zote, tunzo zote nikakosa. Ila nilimaliza, maana alinitisha vizuri, ukiacha katikati unawaachia wale sugu na mara nyingine dozi hiyohiyo haifanyi kazi. Diklofenaki na vile vidonge vya sauti nikaacha. Zaidi ya mwezi baada ya kumaliza tukarudia kipimo cha choo, omeprazo nayo nilishaiacha wiki mbili nyuma, safi. Kuunguza kukaisha, kuamka saa 9 kukaisha.

Kuharisha kabla ya shoo hakukuisha. Gesi haikuisha. Woga haukuisha.

Hapa ndo pagumu, maana nilikuwa nimeshajiambia bakteria wakitoka nimepona. Tukafanya kipimo cha kamera, wanakupitishia mdomoni, kwangu ilikuwa kama 200,000 na kitu na bima sikuwa nayo, dada na mama walichangia. Siyo maumivu kama watu wanavyotisha, ni kero na kichefuchefu, dakika chache. Majibu, ukuta wa tumbo unapona vizuri, kidonda hakuna. Nikatoka pale nikalia barabarani, na siyo kwa furaha, maana kama hakuna kitu basi mimi ni muongo au ni mwehu.

Niliporudi kwake akanichorea. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, mamilioni kwa mamilioni, na kuna mshipa mrefu wa vagasi unaounganisha ubongo na tumbo, na cha ajabu nyuzi nyingi za huo mshipa zinapeleka habari kutoka tumboni kwenda juu, siyo ubongo tu unaoamrisha chini. Tumbo likishaumwa muda mrefu ile mishipa inakuwa kali kupita kiasi, gesi ya kawaida inasikika kama kisu, na ubongo ukiwa na hofu unauharakisha utumbo, utumbo ukivurugika unarudisha taarifa kwamba kuna hatari, hofu inaongezeka. Kwahiyo maumivu ni ya kweli, kamera haiwezi kuyaona tu. Alisema ni tatizo la kawaida, linatibika, na kwamba matibabu yake yanapita pande zote mbili.

Akaniandikia amitriptilini miligramu 10 usiku, akanieleza kabisa kwamba ni dawa ya zamani ya sonona ila kwa dozi ndogo hivyo inatumika kutuliza mishipa ya tumbo. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye pochi na nilikaa nayo bila kununua. Nyumbani kwetu ukisema dawa ya akili mtu anafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, kuvuliwa nguo, basi. Mama ndo alinitoa huko, akasema mbona ulimeza unga wa yule bwana hujui umetoka wapi, hii ina jina na daktari yupo. Vidonge vyenyewe ni bei ndogo sana. Waimbaji lakini mjue hili, inakausha mdomo, na mdomo mkavu kwa mwimbaji ni balaa, nilihangaika nayo mwezi wa kwanza natembea na chupa ya maji, nikaongea na daktari akanishauri niimeze mapema jioni siku zisizo na shoo, na siku za shoo tukapanga kivyake. Usijipangie mwenyewe, uliza. Asubuhi pia unaamka mzito mwanzoni.

Na akanituma kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya serikali. Kumuona mara moja ilikuwa pesa ndogo kuliko kuku wa mganga. Nilidhani ataniambia nisamehe watu. Badala yake alinipa kazi ya kuandika kwenye daftari, nimekula nini saa ngapi, tumbo likoje, siku hiyo kuna nini, najisikiaje. Nilikuwa nimeshaambiwa na kila mtu acha maharage, acha maziwa, acha kabichi, acha nyama nyekundu, nilibaki nakula wali mweupe na ndizi. Daftari likaja kuonyesha kitu ambacho sikutegemea, maharage ya nazi niliyokula Jumatatu hayakunifanya kitu, maharage yaleyale, chungu kilekile, Alhamisi yalinilaza. Tukaangalia nyuma, Alhamisi zote mbaya, hata za wali mweupe. Alhamisi ndo siku tunapokea orodha ya nani anaimba nini wikiendi.

Mi nadhani ile ndo siku nilianza kupona.

Kwa ile hofu ya steji alinifundisha kwamba ile hali ya kuhisi unakufa inapanda inafika kileleni na inashuka yenyewe ndani ya dakika chache, na mimi kwa kukimbia nilikuwa naondoka kabla sijaiona ikishuka, kwahiyo mwili haukuwahi kujifunza kwamba haiui. Mazoezi yakawa ni kubaki. Na pumzi, pumzi ya tumbo ya polepole, kama sita kwa dakika, kutoa kurefu kuliko kuingiza. Nilimwambia hii mbona ndo pumzi niliyofundishwa na mwalimu wangu wa kuimba Tanga, akasema basi una mtaji, itumie na ukiwa huimbi. Nilimuomba kiongozi wa kikundi nirudi kuwa mwitikiaji kwa muda, nisimame nyuma niitikie kiitikio. Iliniuma. Mtu aliyekuwa anaimba mbele akirudi nyuma ukumbi mzima unajua, na tunzo za nyuma hakuna. Mashabiki wa upande ule wakanipiga vijembe mpaka nikazoea. Ila nyuma pale nilipata nafasi ya kuona wimbi linapanda na linashuka na bado nipo na kiitikio kinaendelea, na taratibu nikasogea, ubeti mmoja, wimbo mmoja, nyimbo mbili.

Ramadhani ikaja katikati ya hayo na ilinifaa, maana taarab tunapumzika mwezi mzima mpaka shoo za Idi. Nilienda kukaa kwa mama. Kuhusu kufunga, daktari alisema kwa wakati ule nisifunge, nikaona vibaya sana, nikaongea na shehe wa kwetu akanikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa kwenye Qur'an yenyewe, atalipa siku nyingine. Nilikuja kuzilipa pole pole. Kama wewe umeruhusiwa kufunga na una tumbo, muulize daktari dawa uimeze vipi, omeprazo inafanya kazi vizuri nusu saa kabla ya kula, kwahiyo hesabu zake ni za daku au futari, na futari usianze na kachori na pilipili, anza na tende na uji.

Sasa siku za kazi nafanya hivi. Mlo mkubwa nakula saa 11 jioni, wali au ugali na samaki na mchicha, nashiba kweli, mpaka saa 5 umeshashuka. Saa 3 ndizi mbivu. Kukiwa na mapumziko katikati ya shoo nakula kidogo nilichobeba kwenye kontena, wenzangu walinicheka wiki ya kwanza sasa wanaomba. Nikishuka saa 9 chipsi sili, nikizidiwa nakunywa kikombe cha mtindi alafu nakaa kwanza, natoa mekapu, naoga, napanga vitu. Kanuni ni masaa kama matatu kati ya mlo na kulala, mi siwezi kila siku ila kwa kuwa mlo mzito ulishapita inatosha. Kitanda nimekiinua upande wa kichwani, tofali chini ya miguu miwili ya mbele, kama sentimita 15 hivi, mito peke yake haisaidii inakukunja tumbo tu. Nalalia ubavu wa kushoto. Koo napasha kwa mvuke wa maji ya moto na kuimba kwa kufumba mdomo taratibu, tangawizi mbichi na ndimu kabla ya shoo nimeachana nazo, kwenye chai kidogo mchana nakunywa maana naipenda. Vitunguu na vitunguu swaumu vingi vinanipa gesi, nilivitoa wiki chache nikavirudisha kimoja kimoja nikajua kiwango changu, siyo kuacha maisha.

Kuhusu mtindi na togwa, vinanifaa, ni chakula cha kwetu na bei yake naiweza. Ila kuna watu wanapita wanauza makopo ya unga wa lishe, 120,000, 180,000, wanakuambia furaha yote inatengenezwa tumboni kwahiyo kopo hili linatibu sonona. Nilinunua moja, sikatai. Ni kweli serotonini, kemikali ya mwili inayohusishwa na furaha, nyingi yake, kama asilimia 90, inatengenezwa kwenye utumbo, ila hiyo ya utumboni haivuki kwenda kwenye ubongo, inafanya kazi zake hukohuko. Bakteria wa tumbo wanaonekana wana mchango kwenye hali ya akili na wanasayansi bado wanachimba, ila kopo la muuzaji wa mtandao halijafika huko. Hiyo pesa ni ya kumuona mwanasaikolojia zaidi ya mara moja.

Kama unaanza safari hii, yapo mambo ambayo usikae nayo nyumbani hata kwa wiki moja: choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama ukimeza. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu nne usiendelee kuimba juu yake, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi za sauti, zinaweza kuwa na vinundu na hivyo tangawizi haivitoi. Mi zangu zilikuwa zimevimba tu, Alhamdulillah.

Leo hii Alhamisi bado tumbo linaniambia kitu, siyo kama zamani. Naimba nyimbo mbili tatu mbele, kuna wiki naimba hata nyimbo nne, amitriptilini daktari ameanza kuniondoa pole pole. Yule binti tunaimba wote na ndo tunasindikizana bajaji. Na ukienda hospitali, wewe mwimbaji mwenzangu, orodhesha kila unachomeza, vya famasi, vya mganga, na hasa vile vyeupe vya kufungua sauti, beba hata pakiti zake ukamwonyeshe, maana mimi vile vyeupe nilivitaja siku ya tatu ya kuonana na daktari, na alikuwa anahangaika kuelewa kwanini silali.